Kwale wa Mifuko ya Bluu

Kwale aliyetoka kwenye friza ana harufu yake, na haifanani na ya kuku. Ukimwacha kwenye sinia ayeyuke, kwanza unasikia ubaridi wenyewe, ule wa chuma, kisha inakuja harufu ya nyasi kavu na vumbi la shamba, na mwishoni kabisa, barafu inapoachia kifuani, harufu nyembamba ya damu. Juzi ilinikuta jikoni kwangu hapa Singida mjini. Shemeji yangu alikuwa ametoka Mitundu akaniletea kwale wanne walioganda, kila mmoja amefungwa kwenye gazeti. Niliwapanga kwenye sinia, nikabandika karanga nizikaange, na kabla karanga hazijabadilika rangi nilikuwa nimerudi nyuma miaka ishirini na kitu, mtoto wa miaka kumi, nimeinama ndani ya friza la mama yangu hadi miguu inaning'inia hewani.

Nilichokiona kwenye sinia nitakisema mwishoni, maana ndicho kilichonifanya niandike. Kabla ya hapo inabidi nikueleze habari za friza.

Tulikaa Kiomboi. Friza lilikuwa la kulala, refu kama kitanda cha mtoto, jeupe, lenye kutu kwenye pembe na mngurumo ambao tuliuzoea kiasi kwamba ukinyamaza tunashtuka. Mama alilinunua likiwa limeshatumika ili atengeneze barafu za ukwaju na ubuyu za watoto wa shule. Barafu zilikaa juu. Chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki, walikaa kwale wa Baba.

Baba alikuwa seremala, lakini alikuwa na shamba la uwele na alizeti nje ya mji, na shamba likishavunwa kwale walikuwa wanashuka makundi kwa makundi kuokota punje. Aliwategea kwa nywele za mkia wa ng'ombe, alizozisokota mwenyewe kwenye paja lake huku akisikiliza redio. Hakuna aliyemuuliza. Ndege waliokula shambani kwako, miaka ile, walikuwa ndege wako. Asubuhi alikwenda kukagua mitego, na hapo ndipo hesabu ya nyumba yetu ilipoanzia, kwa sababu baadhi aliwakuta hai wakipapatika, na wengine aliwakuta wamekwisha kujinyonga.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Athumani, fundi cherehani, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye na mkewe Bi Zena walikuwa Waislamu, sisi tulikuwa Walutheri. Kila Iddi tulikula kwao, kila Krismasi walikula kwetu, na sikumbuki mtu yeyote akilizungumzia jambo hilo kama ni jambo la kuzungumziwa. Kwa ajili ya hiyo Krismasi, Baba aliwapeleka kwale waliopatikana hai barazani kwa Mzee Athumani, naye Mzee akawachinja kwa mkono wake. Hao walifungwa kwenye mifuko ya rambo ya bluu. Waliokufa mtegoni walikuwa vibudu. Kwetu vibudu vilikuwa mboga kama mboga nyingine, lakini kwa Mzee Athumani vilikuwa haramu, basi vilifungwa kwenye rambo nyeusi na kuliwa na sisi wenyewe siku za kawaida. Hata masufuria yalikuwa mawili. Moja lilikuwa na alama ya msumari kwenye mkono, likaitwa sufuria la Mzee, na ole wako ulitumie kuchemshia maharage.

Kuwagandisha ilikuwa kazi ya Mama, na alikuwa na masharti yake. Vichwa na shingo vilikatwa vyote, vya waliochinjwa na vya vibudu, kwa kuwa hakupenda kutazamwa na macho ya ndege kila anapofungua friza. Kwale alinyonyolewa kwa maji ya moto, akatolewa utumbo, halafu hakuoshwa tena. Alifutwa kwa kitambaa kikavu, akakunjwa miguu, akaingizwa mfukoni. Kisha Mama aliinamia mfuko, akainyonya hewa yote kwa mdomo mpaka mashavu yakaingia ndani, akapiga fundo upesi. Hewa ikibaki, alisema, nyama inababuka kwa baridi na kuwa kavu pembeni. Nilipenda kumtazama akifanya hivyo, maana Mama hakuwa mtu wa vituko, na hicho ndicho kituko pekee alichokuwa nacho.

Mwaka ninaousema, mwezi wa kumi na moja, tulikuwa na kwale saba wa rambo za bluu na watano wa nyeusi. Mwaka huohuo wasichana wote wa darasa letu walishikwa na wazimu wa kuruka kamba. Si kamba yoyote tu. Iliyokuwa na heshima ni ile iliyosukwa kwa rambo, iwe nyepesi, ilie vizuri hewani, na rangi ikiwa moja mwanzo hadi mwisho, basi mwenye nayo ndiye aliyepanga nani aingie na nani asubiri. Mimi nilikuwa na kamba ya katani iliyoacha michirizi miguuni. Nilikuwa wa kusubiri.

Rambo mpya zilikuwepo nyumbani, chini ya godoro la Mama, zimenyooshwa kama nguo za kupigwa pasi. Lakini Mama alizilalia kila siku na aliijua idadi yake kama anavyozijua nguo zake. Za kwenye friza hazikuwa na mlinzi. Nani angezitazama kabla ya Krismasi? Nikaona nimepata akili kubwa. Mchana mmoja Mama akiwa sokoni, niliinama ndani ya friza, nikawatoa kwale saba wa bluu, nikawavalisha rambo nyeusi zilizochakaa, nikawapanga upande wa kushoto. Vibudu nikavisogeza kulia. Kushoto wa Mzee, kulia wetu. Nilijiambia siwezi kusahau jambo dogo kama hilo, na kwa kweli sikusahau. Nilisuka kamba kwa siku mbili, na wiki iliyofuata mimi ndiye niliyekuwa napanga nani aingie.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili Bibi, mama yake Mama, aliugua huko Kinyangiri, na Mama akaenda kumuuguza. Siku ya pili umeme ukakatika. Haukurudi siku hiyo, wala kesho yake. Baba alilifunika friza kwa blanketi na magunia, na siku iliyofuata, saa sita mchana, akaniita.

"Maji yametuama huko chini," alisema. "Watoe kwale wote, uwapange juu katikati ya barafu. Fanya haraka, baridi isitoke."

Nilifanya haraka. Nilifanya haraka sana, kama nilivyoambiwa. Niliwatupia wote kumi na wawili kwenye beseni, nikasukuma barafu pembeni, na nilipogeuka kuwachukua nilikuta rundo moja la rambo nyeusi zinazotiririka maji. Hapakuwa na kushoto, hapakuwa na kulia. Nilisimama pale mpaka Baba akauliza kwa nini friza liko wazi.

Nilifungua mifuko miwili mitatu nikachungulia. Wote walikuwa wamevaa ukungu mweupe wa barafu, chini yake rangi ya zambarau, na vichwa havipo. Ukiniuliza leo, ningekwambia mtoto angekwenda kumweleza baba yake palepale. Mtoto yule hakwenda. Alijua fimbo ya mpera ilikaa wapi. Pia alijua jambo lililomtisha kuliko fimbo: kwamba Mzee Athumani hajawahi hata siku moja kuuliza ni nyama gani iliyo kwenye sahani yake nyumbani kwetu.

Nikaingia chumbani, nikachomoa rambo saba za bluu chini ya godoro, nikazichakaza kidogo kwa mikono. Kisha nikachagua kwale saba. Nilitumia hekima: aliyechinjwa damu imetoka, kwa hiyo lazima awe mwepesi. Niliwapima mmoja mmoja viganjani kama muuza dhahabu. Wepesi saba wakaingia bluu. Nikanyonya hewa, nikapiga fundo. Umeme ulirudi jioni, friza likaanza kunguruma, na mimi nikaanza kuhesabu siku za kufika Krismasi.

Sikuwahi kuichukia sikukuu kama nilivyoichukia ile. Bibi alipata nafuu, Mama akarudi, kaimati zikapikwa, nikashonewa gauni na Mzee Athumani mwenyewe. Alinipima mabega kwa ile tepu yake, akanitania kwamba mwaka huu nimerefuka, huenda nitafika kwenye dari lao kabla ya mwakani. "Na kwale mwambie mama yako asiwapunguzie karanga," akasema. Nilicheka. Ndani nilijisikia mchafu, na sina neno lingine la kusema.

Asubuhi ya kuamkia sikukuu, Mama aliwatoa wale saba, akawafungua na kuwapanga kwenye sinia wayeyuke, akawafunika kwa kawa. Mimi siku hiyo nilipiga moyo konde. Nilitunga sentensi nikaikariri nikiwa kisimani, nikaikariri njiani na ndoo kichwani: Mama, nilichanganya, sijui yupi ni yupi. Ilikuwa fupi. Alasiri niliingia nayo jikoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya sinia, kawa mkononi, anawatazama kwale. Alisimama hivyo kitambo. Kisha akanitazama mimi, akarudisha kawa taratibu.

"Una nini?" aliuliza.

"Hakuna," nilijibu.

"Kama hakuna, kalete kuni."

Nikaenda kuleta kuni. Nilizileta nyingi kuliko zilizohitajika.

Asubuhi ya Krismasi, tulipotoka kanisani, Mama alimwambia Baba kwamba kwale amewakataa. Umeme ule uliwasumbua, alisema, hawaamini tena, na mgeni hawezi kulishwa kitu ambacho mwenyeji anakitilia shaka. Akamwambia akamate kuku. Nilidhani Mungu amenisikia, tena haraka kuliko nilivyotarajia.

"Nikamate yupi?" Baba akauliza.

Mama alijibu kwa Kinyiramba, lugha aliyoitumia akiwa hana utani. Alisema akamatwe yule mweupe wa Eliza.

Eliza ni mimi. Kuku mweupe alikuwa wangu kwelikweli. Bibi alinipa akiwa kifaranga, nikamlea kwenye boksi, na kwa kuwa alikuwa mweupe mwenye manyoya ya kijivu kichwani nilimwita Sista. Alikuwa anataga karibu kila siku. Uani kulikuwa na kuku kumi na mmoja, na miongoni mwao jogoo wa Baba, mnene, mgomvi, ambaye nusu ya mtaa ingeshukuru akichinjwa. Baba alitaja jina la jogoo huyo. Mama akatikisa kichwa. "Sista," akasema, sasa kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha nisikie. "Na ampeleke mwenyewe."

Nilimbeba Sista kifuani hadi barazani kwa Mzee Athumani. Nilimwamkia, shikamoo babu, akaitikia, kisha akamtazama kuku juu ya miwani yake.

"Huyu si ndiye yule anayetaga?"

"Ndiye."

"Mama yako amesema huyu?"

"Ndiyo."

Alielekea kibla, akanyoosha kisu, akasema Bismillahi, na mimi nikashika miguu mpaka ikatulia. Nilimchukia Mama siku ile. Nilifarijika pia, faraja kubwa, lakini chuki ndiyo niliyoishika, kwa sababu faraja sikuwa na mtu wa kumweleza.

Sista alipikwa kwa karanga kwenye sufuria la Mzee, vitunguu vingi, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa wiki ileile. Bi Zena alimsifu. Mzee Athumani alikula vizuri, akanyonya hadi mifupa ya mbawa, akauliza kama kwale wa mwaka huu tumeamua kuwafaidi peke yetu. "Umeme, mzee," Mama akamjibu. "Umeme umetuaibisha." Watu wote wakacheka na kuulaumu umeme, jambo ambalo kila mtu alikuwa na uzoefu nalo. Mimi nilikula ugali na mlenda.

Wale kwale saba wasioaminika tuliwala sisi wenyewe wiki nzima iliyofuata, na hakuna aliyeumwa hata tumbo. Mwezi wa kwanza, Mama alinikabidhi rambo zote za bluu zilizobaki chini ya godoro. "Chukua," akasema, "ongezea kamba yako." Nikaona ananifuta machozi kwa ajili ya kuku, nikazipokea bila kumshukuru sana. Na msimu uliofuata hakukuwa tena na mambo ya rangi. Mzee Athumani alipomaliza kuchinja, alifunga mwenyewe uzi mwekundu wa cherehani kwenye mguu wa kila ndege, mafundo matatu, ndipo ndege akaingia mfukoni. Nilidhani ni kwa sababu rambo za bluu zilikuwa zimekwisha.

Kisa cha Sista nimekisimulia mara nyingi. Kwenye harusi ya dada yangu nilikisimulia kwa kipaza sauti. Kila tukikutana nyumbani lazima mtu aniombe: hebu sema jinsi Mama alivyoacha jogoo na kuku wengine tisa, akamfuata kuku wa mtoto. Nina namna yangu ya kuiga sauti yake. Watu wanacheka, Mama anacheka nao, anafuta macho kwa ncha ya khanga, na hajawahi hata mara moja kunisahihisha. Habari ya rambo sikuwahi kuitia ndani ya kisa. Nilikwisha kuiweka mbali, kwenye mambo ambayo mtu anajiambia yalipita salama.

Sasa turudi kwenye sinia langu. Karanga zilikuwa zimeiva, nikazimenya, na nilipogeuka kuwaangalia kwale, barafu ilikuwa imeachia. Watatu walikuwa na nyama ya waridi iliyokolea, safi, na maji mepesi chini yao. Wa nne alikuwa mweusi. Kifua chake kilikuwa na rangi ya ini, na chini yake damu nzito ilikuwa imeganda kando ya bawa. Nilimpigia shemeji. Akasema, ah, huyo mmoja walimkuta amekwisha kufa mtegoni, alisahau kunieleza; hao wengine walichinjwa na jirani yao Mwislamu. Haikuhitaji jicho la fundi. Mtu yeyote anayepika angeona akiwa mlangoni, akiwa amesimama na kawa mkononi.

Nilikaa kwenye kigoda. Kisha nikampigia Mama.

Tulisalimiana, tukaulizana hali ya mvua, akaniambia jirani gani amevunjika mguu. Nikamwambia nimeletewa kwale, mmoja ni mweusi.

"Huyo usimpelekee Mama Rukia," akasema mara moja. Mama Rukia ni jirani yangu wa mlango wa pili, na nilikuwa nimeshapanga kumpa bakuli.

"Mama," nikasema, "Krismasi ile ya Sista, uliona?"

Nilimsikia akifukuza kuku mlangoni, kwa upole.

"Watatu walikuwa weusi," akasema. "Na chini ya godoro zilipungua rambo saba. Na kamba yako ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, mwanangu. Ulitaka nione nini tena?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungelia, na ukilia, kwa ukuta ule, Mzee Athumani anasikia. Angekwambia hakuna neno. Halafu kila Krismasi angekuja na kusema tumbo halijakaa sawa."

Nikamuuliza kuhusu kuku. Kulikuwa na kumi na mmoja, nikamkumbusha, na jogoo alikuwepo.

"Ningemchinja jogoo wa baba yako," akasema, "wewe ungekumbuka nini?"

Miaka yote hiyo nimekuwa nikikumbuka kosa langu na kulisimulia kama kosa lake, mbele yake, kwa kipaza sauti, na yeye akakaa kwenye kiti cha mbele akacheka kwa wakati wake. Nilimwambia anisamehe. Akasema kwale nisiwapunguzie karanga.

Wale watatu niliwapika kwa karanga, nikajaza bakuli la Mama Rukia hadi ukingoni. Yule mweusi nilimpika kwenye sufuria lake, nikamla mwenyewe.